Akwariamu mpya ya maji ya chumvi: konokono gani waanze, nani asubiri

Ukishaweka mawe, mchanga na pampu, swali linalofuata huwa ni hili, niweke konokono wangapi wa kusafisha, na jibu unalopewa dukani mara nyingi ni hesabu ya lita, yaani tenki la lita 200 chukua konokono 50 na kaa 20, paketi hiyo hapo lipa uondoke. Mimi hiyo hesabu siikubali kabisa. Konokono hali lita, anakula uchafu, na tenki jipya halina uchafu wa kulisha wanyama 70, kwa hiyo baada ya muda wanaanza kufa njaa mmoja mmoja huko nyuma ya mawe, wanaoza, amonia inapanda, alafu unahangaika kutafuta maji yana shida gani. Angalia kwanza tenki lako limeota nini, ndio uchague mnyama anayekula hicho kitu.

Kabla ya mnyama yeyote maji yawe yameiva. Amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu, zisome sifuri zote mbili, na hapo mara nyingi ni wiki 4 mpaka 6 tangu uanze, wengine inawahi kidogo. Nitrati ikiwepo kidogo haina neno. Chumvi iwe 1.025 kwenye kipimo, yaani kama gramu 35 kwa kilo ya maji, ambayo ndiyo chumvi ya bahari yetu huku, na joto liwe nyuzi 25 au 26. Wale mnaochota maji baharini wenyewe, Dar, Tanga, Mombasa, msichote karibu na mdomo wa mto wala bandarini, na kipindi cha masika pima kila dumu kwasababu mvua kubwa inashusha chumvi ya maji ya pwani na kwa macho huwezi kujua. Na jambo la shaba hili naomba ulishike: dawa nyingi za samaki zina shaba, samaki anavumilia lakini konokono, kaa na kamba shaba inawaua hata ikiwa kidogo sana. Ukinunua tenki la mtu aliyewahi kulitibia samaki kwa shaba, muulize kabisa, na mawe yake usiyachukue.

Sasa uchafu wenyewe. Kitu cha kwanza kuja karibu kila tenki jipya ni vumbi la kahawia, linafunika mchanga na kioo, ukipitisha kidole linatoka kama unga. Hizo ni dayatomu, yaani mwani mdogo sana wa seli moja, zinatumia silika, madini yaliyopo kwenye mchanga na maji mapya, na kwa kawaida zinaisha zenyewe wiki chache tu silika ikipungua. Watu wanaliona wanapaniki wanakimbilia dawa, haina haja. Hapo ndipo unaweka konokono wa kwanza.

Wa kwanza kwangu mimi ni Trochus. Ana kombe la pembe tatu, ukubwa wa kifundo cha dole gumba hivi, anakula dayatomu, anakula ule ukungu wa kijani wa kwenye kioo, na akianguka anajigeuza mwenyewe, jambo ambalo unaweza kuliona dogo ila ndilo linalomtofautisha na mwenzake Astraea, ambao wanafanana sana wakiwa kwenye ndoo ya muuzaji. Astraea akipinduka kwenye mchanga anabaki hapo hapo mguu juu mpaka kaa amkute au afe, wewe ukiwa kazini. Trochus mtazame akijigeuza, anarefusha mguu mpaka uguse chini, anaung'ang'aniza mchangani, anasubiri kidogo, alafu anajivuta kombe lote linageuka kwa mpigo mmoja. Pia wanazaana humo humo tenkini, siku moja unakuta vitoto vidogo kama punje ya mchele kwenye kioo cha nyuma. Ukitaka kujua kama wanafanya kazi angalia kioo asubuhi taa ikiwaka kwa pembeni, utaona mistari ya zigizaga kwenye ukungu, hizo ni alama za ule ulimi wao wenye meno, walipopita.

Kwa tenki la lita 200 anza na Trochus 4 au 5, basi. Ongeza Cerithium kama 5, hawa ni wembamba warefu, kombe lao limechongoka, mchana wanajizika usiku wanatoka, na faida yao ni kwamba wanafanya kazi kwenye mchanga na kwenye vinafasi vya mawe ambako Trochus hafiki. Aina hizo mbili zinatosha mwezi mzima wa kwanza.

Nassarius usimweke mpaka uwe na samaki unaowalisha, maana huyu hali ukungu hata kidogo, anakula nyama na mabaki ya chakula. Kutwa nzima amezikwa mchangani umebaki mrija wake tu umesimama juu unanusa maji, ukitupa chakula tu unaona mchanga unatikisika huku na kule wanachomoza wote wanakimbia, ndio wanakimbia kweli, kwa konokono ile ni kasi. 3 au 4 wanatosha, na wanasaidia kuupindua mchanga usigande.

Turbo ndiye mlaji mkubwa kuliko hao wote. Ukiwa na manyoya ya kijani marefu kwenye mawe, yaani mwani wa nyuzinyuzi, Turbo mmoja au wawili watayafyeka kwa muda mfupi sana. Shida ni kwamba ni mzito, anaangusha vipande vya matumbawe ambavyo hujavigundisha, na manyoya yakiisha hana cha kula. Kuna Turbo wanaouzwa sana kutoka Mexico, asili yao ni maji yanayopoa kwa msimu, kwenye tenki la nyuzi 27 na kuendelea hawadumu. Hivyo Turbo ni wa kuitwa tatizo likiwepo.

Kaa wanaoishi kwenye makombe ya konokono, hapa watu wanagombana. Wana faida, wanachokonoa manyoya kwenye mashimo ya mawe na wanamaliza mabaki, ila ukweli ni kwamba kaa akitaka nyumba kubwa zaidi na hakuna kombe tupu, anamuua konokono anahamia. Ukiwataka weka 2 au 3 wadogo, na uwatupie makombe matupu ya saizi tofauti, zaidi ya idadi yao. Wale wakubwa wekundu wenye manyoya na vidoa vyeupe, Dardanus, wako pwani yetu na wanavutia kweli, lakini usimweke kabisa, anakula konokono wako wote na samaki aliyelala.

Na hapa niseme na watu wa pwani, maana najua wengi mtafikiria mbona hawa wote wapo pale maji yakitoka, kwanini ninunue. Kwanza ndani ya hifadhi kama Malindi, Watamu, Kisite au Chumbe huruhusiwi kuchukua kitu, na nje ya hapo ulizia ofisi ya uvuvi ya eneo lako kabla hujabeba. Pili, usiokote kombe lolote lenye umbo la koni kwa mkono. Konokono wa jenasi ya Conus wanachoma kwa sumu, yule mkubwa Conus geographus ameshaua watu na sumu yake haina dawa ya kuizima, na wanaishi kwenye miamba hii hii ya kwetu. Hata usipochomwa, ukimweka tenkini ni mwindaji, atakula konokono wengine au samaki. Kululu, yule kauri mkubwa mwenye madoa, naye mzuri sana kwa macho ila akikua anakula sponji na anasukuma kila kitu njiani.

Kiti cha pweza, hasa yule mweupe mwenye vidutu vyekundu, tafadhali muache baharini. Anakula wanyama wengine waliotulia, na tenki jipya litamshinda. Jongoo bahari anasafisha mchanga vizuri sana lakini anahitaji mchanga wa zamani uliojaa chakula, na akifa au akivutwa na pampu anaweza kuachia sumu inayoua samaki wote. Fuma, wale wa mviringo wenye miiba mwili mzima, wana njaa ya ajabu na wanakula mwani vizuri, ila wale wa miiba mirefu wanataka tenki kubwa. Jongoo na fuma wafikirie baada ya mwaka.

Kuwaingiza majini kunahitaji subira. Konokono hawezi mabadiliko ya ghafla ya chumvi, kwa hiyo muweke kwenye ndoo na maji yake, chukua mpira mwembamba wa hewa uufunge fundo, uachie maji ya tenki matone 2 mpaka 4 kwa sekunde kama saa moja, mpaka maji ya ndoo yawe mara 3. Kama wamesafiri siku nzima mfukoni usirefushe zaidi ya hapo, maana ukishafungua mfuko amonia iliyojikusanya inazidi ukali. Maji ya ndoo mwaga, yasiingie tenkini. Weka kila mmoja juu ya jiwe, mguu chini, usimtupe tu.

Siku mbili za kwanza wengine hawatembei, subiri. Asiyetembea siku ya tatu mtoe umnuse, aliyekufa ananuka vibaya mno huwezi kukosea, huyo toa haraka. Baada ya mwezi angalia mawe na kioo: kama ukungu bado unawashinda ongeza wawili watatu, na kama kioo kinang'aa kila asubuhi na konokono wamejazana juu karibu na uso wa maji basi wana njaa, wape kipande cha nori, ule mwani mkavu wa kuliwa, isiyo na chumvi wala viungo, kifunge kwenye jiwe dogo jioni, kilichobaki kitoe asubuhi.