Wakili aliyewaandikia mkataba kaibukia upande wa mwenzako kwenye kesi ya kiwanja? Fanya hivi

Hii inawakuta wengi sana Dar, hasa huku kwenye viwanja visivyopimwa. Mnaelewana bei, dalali anawapeleka kwa wakili wa karibu, anawaandikia mkataba wa mauziano, anagonga muhuri, hela yake mnachanga nusu kwa nusu. Mpaka hapo hamjagombana. Balaa ni pale ndugu wa muuzaji anapoibuka anasema eneo ni la familia, muuzaji nae anakukana, unafungua kesi, unafika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya unamkuta wakili yule yule kakaa upande wa muuzaji.

Mama yangu mdogo yalimkuta. Siku ya mkataba alimwambia yule wakili, wakiwa wawili tu ofisini, kwamba awamu ya mwisho alilipa mkononi bila risiti. Barazani swali la kwanza aliloulizwa ndo hilo hilo. Aliniambia miguu iliisha nguvu. Huo ndo mgongano wa maslahi, siri uliyompa mtu ukiamini ni wako inatumika kukumaliza, na kanuni za maadili ya mawakili za 2018 hazimruhusu wakili kusimama pande zote mbili za mgogoro.

Sasa cha kufanya. Kusanya ushahidi kwamba alikuhudumia: mkataba wenye muhuri na sahihi yake, risiti ya ada, meseji za WhatsApp, hata muamala wa simu uliomlipia. Piga kopi, orijino baki nazo. Kama ana nyaraka zako, ziombe kwa barua, usiende kwa maneno matupu.

Alafu weka pingamizi mapema, kabla mashahidi hawajaanza, kwa sababu ukinyamaza mpaka katikati utaulizwa siku zote ulikuwa wapi. Andika kwa mwenyekiti wa baraza, ukurasa mmoja unatosha: huyu aliniandalia mkataba huu tarehe fulani, nilimpa taarifa zangu za siri, naomba ajitoe. Usimwage hizo siri kwenye barua, sema tu zipo. Na kama alishuhudia mkisaini na ubishi wenyewe ni kuhusu huo mkataba, sema pia kwamba anaweza kuhitajika kama shahidi, maana hawezi kuwa shahidi na wakili kwenye kesi moja. Hii hoja watu wanaisahau na ina nguvu kweli.

Angalia na viapo (maelezo ya maandishi yaliyoapwa) alivyoleta muuzaji. Sheria ya Mthibitishaji wa Umma na Makamishna wa Viapo, Sura ya 12, inamkataza wakili kuapisha kwenye shauri ambalo yeye ni wakili wa mmojawapo, kwahiyo ukikuta muhuri ni wake mwenyewe, taja.

Kwenye Baraza la Kata hili halitakusumbua, mawakili hawaruhusiwi kule na tangu 2021 kazi ya mabaraza hayo kwenye migogoro ya ardhi imebaki kusuluhisha tu.

Malalamiko ya kinidhamu yanaenda Kamati ya Mawakili, iliyo chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Inaweza kumpa onyo, kumsimamisha au kumfuta kabisa. Ila elewa, kumlalamikia hakusimamishi kesi yako ya kiwanja, tarehe zako hudhuria zote. Huna hela ya wakili mpya, jaribu msaada wa kisheria, LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) wapo, na wanawake wana TAWLA, chama cha wanasheria wanawake.

Na wewe ambae ndo unataka kununua, kabla hujasaini muulize wakili mbele ya muuzaji, "wewe hapa ni wakili wa nani?", jibu liandikwe ndani ya mkataba. Jina lake litafute kwanza kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, vishoka wamejaa. Ukiweza nenda na wakili wako mwenyewe, ni hela ya ziada ndio, lakini linganisha na bei ya kiwanja.

Mama mdogo barua yake iliposomwa yule wakili alijitoa mwenyewe, kesi ikaahirishwa muuzaji atafute mwingine. Bado wanaendelea.