Hogo, viatu na mvua za Tukuyu: kumlea mtoto wa mguu kifundo

Mwanangu alizaliwa nyayo zote mbili zimegeukia ndani. Mama mkwe akasema nimkande kwa mafuta, zitanyooka zenyewe. Nilikanda wiki mbili za bure. Wewe mpeleke kliniki mapema, kano zikiwa bado laini.

Njia yenyewe ni ya Daktari Ponseti. Wanausogeza mguu taratibu kwa mkono, kisha wanafunga hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia vidoleni hadi pajani, goti limekunjwa. Kila wiki wanalitoa, wanasogeza tena, wanafunga jingine. Kwa kawaida matano hadi saba. Mnyonyeshe wakati wanafunga, atatulia.

Hogo la kwanza lilinitoa jasho. Lilikuwa bado bichi, mvua ikatukuta stendi nikiwa na kitenge tu. Likalainika kisiginoni, ikabidi lifungwe upya. Tangu siku hiyo sitoki bila kipande cha turubai, maana rambo zilishapigwa marufuku 2019. Usilikaushe kwenye jiko la mkaa, mtoto ataungua. Usililoweke nyumbani usiku wa kuamkia kliniki pia. Mguu ukikaa wazi unaanza kurudi.

Vidole vikague kila mara. Bonyeza kimoja: kinakuwa cheupe, kisha damu inarudi palepale. Kikibaki cheupe, vikivimba, au vikizama ndani ya hogo, panda gari siku hiyohiyo.

Mwishoni watoto wengi hukatwa kano ya kisigino kwa ganzi, kijidonda kidogo tu, halafu hogo la wiki tatu.

Baada ya hapo ni viatu vya chuma, yaani viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, na hapa ndipo tunapochemka. Saa 23 kwa siku, miezi mitatu. Kisha usiku na usingizi wa mchana mpaka miaka minne au mitano. Mimi nilimwonea huruma nikamvua usiku kadhaa, na mguu wa kushoto ukaanza kugeuka. Tukarudi kwenye hogo.

Kumvalisha: soksi ya pamba, kunja goti, sukuma kisigino mpaka chini, kaza mkanda wa katikati kwanza, kamba baadaye. Vidole vikiteleza mbele na nyuma, kisigino hakijakaa. Fungua uanze upya. Kile chuma kizungushie kipande cha kanga, la sivyo atakigonga kitandani usiku kucha na baba yake hatalala.