Somo: Shali ya zidaka

Naliweka hapa mara moja nipumzike kujibu swali lile lile: shali hii inafumwaje kwa sindano mbili? Shali hii nimeichora kutokana na zidaka, vile vijishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu kwenye kuta za ndani za nyumba za kale za mawe kule Lamu.

Vifaa: uzi wa unene wa kati, gramu 400, sindano za milimita 5. Chagua rangi ya chokaa au nyingine nyepesi. Uzi mweusi humeza mchoro wote.

1. Anza na vitanzi 100.

2. Mistari 4, vitanzi vya kawaida (knit, uzi ukiwa nyuma ya sindano) vitupu. Hiyo ndiyo rafu.

3. Zidaka, mistari 8. Upande wa mbele: kawaida 5, rudia mara 11 (kawaida 2, kinyume 6), malizia kawaida 7. Kinyume ni purl, uzi ukiwa mbele ya sindano. Upande wa nyuma: kawaida 5, rudia mara 11 (kinyume 2, kawaida 6), kinyume 2, kawaida 5.

Hapa ndipo wengi huharibu. Ukitoka kawaida kwenda kinyume, leta uzi mbele kwa kuupitisha kati ya sindano mbili. Ukiupitisha juu ya sindano, umezaa kitanzi cha bure na tundu chini yake. Hesabu kila mstari: 100. Ukipata 101, fumua mstari huo. Usipunguze kijanja pembeni! Nguzo, yaani vile vitanzi 2 kati ya zidaka, zitahama na zidaka zitapinda hadi mwisho.

4. Rudia 2 na 3 hadi urefu unaotaka, malizia na rafu, funga vitanzi kwa ulegevu.

5. Lowesha, kamua ndani ya taulo, tandaza, vuta upana, bana kwa pini mpaka ikauke. Pasi marufuku, hasa kwa uzi wa akriliki (sintetiki): joto huilegeza, zidaka hulala na haziamki tena.

Mamake Zu: Naanza na vitanzi vingapi?
— Hatua ya 1.

Sindano Butu: Yangu imetoka matuta matupu, hakuna kidaka. Hesabu zako zina kosa.
— Hazina. Unarudia maelezo ya mbele kwenye upande wa nyuma. Soma hatua ya 3 yote.

Binti Kofia: Nikitaka pana zaidi? Na ile misumari ya shaba ya milango ya Zanzibar, inafumika?
— Maswali mazuri hayo. Upana ongeza 8 kwa 8; kila 8 ni kidaka kimoja. Misumari inafumika: kwenye mstari wa 3 wa rafu, juu ya nguzo, fuma kitanzi kimoja mbele, nyuma, mbele tena, viwe 3. Geuza, kinyume 3. Geuza, fuma vyote 3 pamoja. Ruka nguzo moja moja, ukijaza kote shali inakuwa nzito. Ukimaliza tuonyeshe.

Mzee wa Uzi: Mnaofumua, msifumie uzi ukiwa na mikunjo. Uzungusheni kwenye mgongo wa kiti, fungeni sehemu nne, loweka, anika.
— Asante mzee. Na fungeni kwa uzi wa rangi nyingine, muuone wakati wa kukata.