SOMO: Kuomba pesa za utafiti wa jinsia na huduma za afya (soma yote ndipo uulize)

Maswali ni yale yale kila mwezi, basi majibu ni haya.

1. Soma tangazo lote la mfadhili. Wengi hulipa taasisi, si mtu binafsi.

2. Andika swali moja. "Changamoto za wanawake hospitalini" ni mada tu. Swali ni hili: nani nyumbani huamua mgonjwa wa kifua kikuu apelekwe kituoni lini, na je, mke na mume huchelewa sawa?

3. Pitia KDHS (utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya Kenya) ya 2022 kwanza. Imeuliza nani huamua matibabu ya mke. Usiombe pesa za kuuliza upya.

4. Sampuli na bajeti. Hapa ndipo maombi mengi hufia. Mtu huandika "tutachambua kwa jinsia" huku sampuli yake ikitosha kwa wastani wa watu wote tu. Ukitaka kujua kama pengo la maskini na tajiri ni kubwa zaidi kwa wanawake, utahitaji takriban mara nne ya sampuli inayoonyesha pengo lenyewe, likiwa la ukubwa uleule. Halafu kuna saa za kazi. Mhoji akibisha milango Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, saa nne asubuhi atawakuta kina mama; wanaume wako mjengo au viwandani. Kwa hiyo weka kwenye bajeti jioni na Jumapili, nauli ya wahoji kurudi usiku, wahoji wa kike na wa kiume, chumba cha faragha, na mtu wa kushika watoto mahojiano yakiendelea. Usivifiche chini ya "mengineyo": mkaguzi hukata kwanza asichokielewa. Kila kimoja kipe mstari wake na sababu.

5. Vibali: kamati ya maadili, kisha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, inayotoa leseni ya utafiti), kisha kaunti. Usigeuze mpangilio, NACOSTI itadai barua ya maadili. Leseni ni ya mwaka mmoja, kwa hiyo panga pia kuihuisha.

6. Tuma mapema. Saa ya kufunga huenda si ya Nairobi.

MASWALI

Kijana_wa_Juja: Mkuu, nitumie pendekezo lililokamilika nibadilishe jina tu. Mwisho ni kesho.
Jibu: Hapana. Subiri awamu ijayo.

Msomi_Pangani: Wanaume wa nini? Si utafiti ni wa jinsia?
Jibu: Rudia namba 4. Bila wanaume utajuaje kwamba wanawake ndio wanaochelewa? Huenda kwa ugonjwa wako ni kinyume.

DadaTakwimu: Mume akiingia katikati ya mahojiano na mkewe, mhoji afanye nini?
Jibu: Swali zuri, dada. Mhoji abebe dodoso la pili, la lishe ya watoto kwa mfano, ahamie huko papo hapo. Wahoji walifanyie mazoezi wakati wa mafunzo, si siku ya kazi. Kama kuna maswali ya ukatili, hoji mwanamke mmoja tu kwa nyumba, na wanaume wa kuhojiwa wawe wa nyumba nyingine kabisa. Kamati itaulizia hilo.

DadaTakwimu: Asante. Na kunukuu (kuandika neno kwa neno) sauti za Sheng zilizorekodiwa?
Jibu: Saa moja ya sauti, weka saa tano au sita za kunukuu, tafsiri kando. Lipa kwa dakika ya sauti.

Mzee_Kayole: Ongeza hapo: ruzuku ikija kwa dola, andika kiwango cha kubadilisha ulichotumia na tarehe yake. Shilingi ikipanda, mishahara ya wahoji haitoshi.
Jibu: Kweli, mzee. Na mikataba yao iandikwe kwa shilingi.