Tazama Saa ya Kipimo Kabla ya Kuwasha Pampu

Mkulima wa mboga wa Kigamboni au Bunju anayetumia vihisi vya unyevu wa udongo anapaswa kuielewa njia ambayo taarifa hupita hadi kufika kwenye simu yake, kwa sababu namba iliyochelewa njiani inaweza kumfanya amwagilie tuta ambalo tayari limeloa.

Kihisi chenye Bluetooth huwasiliana na simu moja kwa moja, ila kwa umbali mfupi, hivyo mkulima hulazimika kusogea karibu na tuta. Kihisi cha LoRa, yaani redio ya masafa marefu inayotumia umeme kidogo, hurusha taarifa fupi kwa umbali wa hata kilomita kadhaa palipo wazi, zikapokelewa na kipokezi chenye intaneti, ambacho huzipeleka kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayozihifadhi. Programu ya simu huzichukua huko. Kwa njia hii ya pili simu haikutani kabisa na kihisi, na bando lako halitakusaidia chochote ikiwa kipokezi kimekatikiwa umeme.

Tena, ili betri idumu, kihisi hulala muda mwingi na kuamka, kwa mfano, kila baada ya dakika 30. Mawasiliano yakikatika, programu inaweza kuendelea kuonyesha kipimo cha mwisho kana kwamba ni cha sasa. Chukulia kipimo cha saa 3 asubuhi kinachosema udongo umekauka, kisha mvua ya masika ikanyesha saa 8 mchana: anayesoma namba bila kutazama saa ya kipimo hicho atawasha pampu jioni, apoteze mafuta, na mbolea ioshwe kwenda chini ya mizizi. Katika udongo wa kichanga wa pwani yetu hasara hiyo huja upesi mno, na inaniuma kila ninapoiona.

Antena ya kipokezi isimame wima, juu kuliko mimea, kwa kuwa majani yaliyoloa hufifisha mawimbi. Kihisi cha mchicha kifukiwe sentimita 10 hadi 15, cha nyanya 20 hadi 30, na udongo ushikamane nacho bila kuacha nafasi ya hewa. Baada ya kukifukia, mwagilia tuta lishibe, acha maji yajichuje hadi kesho yake, kisha andika namba inayosomeka: hicho ndicho kiwango cha juu cha shamba lako, na ndicho cha kulinganishia vipimo vyote vitakavyofuata, hata kama kijitabu cha kiwandani kinataja kingine.