Somo: Mabibo yasiozee shambani, tupate juisi na jamu

Wanakikundi, msimu umefika na chini ya mikorosho ya Newala na Tandahimba kumeshaanza kunukia mabibo yaliyochacha, yale matunda yanayobeba korosho. Korosho ina ghala lake na mnada wake. Bibo mnunuzi wake ni mpika uraka (pombe ya mabibo) tu, na likibaki linaozea pale pale. Sasa piga hesabu: kila kilo moja ya korosho ghafi inayokwenda AMCOS, chama chetu cha ushirika, imeacha shambani kilo tano hadi kumi za tunda lenye vitamini C kulizidi chungwa mara kadhaa.

Andaa chumvi, mchele kidogo, sukari, ndimu na kitambaa cheupe safi. Sufuria na visu viwe vya stinlesi, maana chuma cha kawaida kikigusana na maji ya bibo juisi inageuka nyeusi. Vaa nguo ya kazi. Doa la bibo mnalijua wenyewe.

1. Kuokota. Pita asubuhi na mapema, chukua yaliyoanguka usiku huo huo na hayajapasuka. Bibo halisubiri, likivuka saa 24 chini ya mti limeshaanza kuchacha.

2. Kutoa korosho. Inyonge taratibu, nyama ya bibo isibaki kwenye korosho. Ikibaki, korosho inaota ukungu ghalani na daraja linashuka, kwa hiyo ukifukuzia juisi usije ukapoteza kilicho na bei zaidi.

3. Kukamua. Osha, katakata, kamua kwa kitambaa. Makapi weka pembeni.

4. Kuondoa ukakasi. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, halafu wanasema juisi ya mabibo haiuziki. Pika uji mwepesi wa mchele, uache upoe, kisha tia mililita 125, yaani kama nusu kikombe, kwa kila lita ya juisi. Koroga, tulia. Utaona juisi inajikata kama maziwa yaliyoharibika: vijibonge vinazama, juu panabaki maji ya manjano yanayong'aa. Vile vijibonge ndio ukakasi wenyewe umeshikana na wanga. Chota ya juu bila kutibua, chuja, onja. Ulimi ukiendelea kukaza, rudia.

5. Kupasha na kufunga. Tia sukari na ndimu kwa kuonja. Pasha hadi karibu na kuchemka, nyuzi 85 hadi 90, iache hapo dakika kumi. Jaza ingali moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, funga, zilaze ubavu dakika chache ili joto lifike kwenye kifuniko.

Jamu haihitaji kukamua. Chemsha mabibo mazima dakika tano kwenye maji yenye gramu 20 za chumvi kwa lita, mwaga maji hayo, suuza vizuri, ponda. Kilo ya rojo kwa kilo ya sukari na ndimu mbili, moto wa wastani, mwiko usitoke mkononi. Dondoshea tone kwenye sahani baridi, lisipotiririka, ipua.

MASWALI

*Dada, shikamoo. Jamu yangu haigandi hata nikipika muda mrefu.*
Marahaba. Bibo halina mgando mwingi wa kwake. Changanya na mapera, robo ya uzito wa rojo inatosha. Ukiendelea kupika tu utapata sukari iliyoungua.

*Juisi siku ya tatu inatoa povu na chupa inasukuma kifuniko.*
Hiyo inaelekea kuwa uraka. Ama ulijaza ikiwa imeshapoa, ama chupa hazikuchemshwa. Usiiuze.

*Makapi tumwage?*
Anika kwanza, kisha mpe mbuzi kidogo kidogo pamoja na majani. Yanayobaki tia kwenye shimo la mboji.

*Sisi tunabangua, tuna milima ya maganda. Tupikie badala ya kuni?*
Hapana, mama. Ganda ni kama asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi, na ndani yake kuna mafuta yanayobabua ngozi, yale yale yanayowatoboa vidole wabanguaji. Ukiyachoma jikoni moshi wake unawasha macho na kifua. Viwanda vinayakamua kwa mashine, mafuta yanakwenda kwenye rangi na breki za magari, na ganda lililokamuliwa ndilo linalochomwa kwenye tanuri. Kwa kikundi kidogo, kinachofaa ni kukusanya maganda pakavu, mbali na watoto, na kutafuta kiwanda cha kukamua kabla ya kufikiria makaa.

*Tukitaka kuuza dukani tuanzie wapi?*
Nendeni SIDO ya mkoa, shirika la viwanda vidogo, mkachukue barua ya utambulisho, ndipo muende TBS, shirika la viwango. Mapishi ya mvinyo na bidhaa nyingine waulizeni TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mtwara, wamelifanyia bibo kazi kubwa. Bebeni sampuli ya chupa mliyofunga wenyewe, msiende mikono mitupu.