Mahindi ya Kula Nyumbani Hayapimwi na Mkaguzi

Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika vijiji vya Dodoma na Manyara, wengine macho yakawa ya manjano na matumbo yakavimba. Kati yao 20 walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu (aflatoksini), yaani sumu inayotengenezwa na kuvu, kwenye mahindi, na mahindi yenyewe walikuwa wameyalima kwa mikono yao. Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 2004, Ukambani nchini Kenya walizikwa watu 125 kwa sababu hiyohiyo, wengi wao kutoka Makueni na Kitui.

Naanza na misiba hii kwa sababu wakulima wengi wakisikia "sheria ya usalama wa chakula" hudhani ni mambo ya viwanda, mipaka ya nchi na leseni. Sheria hiyo inakuhusu wewe kabla haijamhusu mwenye kiwanda.

Kiwango cha Afrika Mashariki kinasema hivi: kilo moja ya mahindi isiwe na zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu kwa jumla, na ile aina kali kuliko zote, iitwayo B1, isizidi mikrogramu 5. Unyevu wa punje usizidi asilimia 13.5. Mikrogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara milioni. Huwezi kuiona, huwezi kuionja, na ukisonga ugali kwa moto mkali namna gani sumu haitoweki. Mlaji akipewa mchele wenye mawe ataona na kukataa. Akipewa unga wenye sumukuvu atashukuru na kwenda kupika. Hapo ndipo sheria inapomsimamia, kwa kuwa mwenyewe hana namna ya kujikinga dukani. Kwa Tanzania bara, kazi ya kusimamia usalama wa chakula ilikuwa ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, hadi mwaka 2019, ilipohamishiwa Shirika la Viwango, TBS.

Machi 2021 tuliona nguvu ya kiwango hicho. Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda, malori yakakwama mpakani. Siku chache baadaye njia ilifunguliwa kwa masharti: mfanyabiashara asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu iko chini ya kikomo. Aliyekausha vizuri na aliyeanika barabarani walisimama kwenye foleni moja.

Lakini mkaguzi mwenye bambo la kuchomoa sampuli gunini huishia ghalani na mpakani. Hafiki kwenye kihenge chako. Na sisi tuna tabia moja inayoniumiza: mahindi mazuri tunauza, yenye kasoro tunabakiza "ya kula nyumbani", na yaliyooza kabisa tunawapa kuku au tunapikia pombe. Kwa hiyo wa mjini analindwa na sheria, na mtoto wako mwenyewe anakunywa uji wa yale ambayo mnunuzi aliyakataa. Mwili wake ni mdogo, naye hunywa uji huo kila siku. Sumukuvu hushambulia ini, na kwa muda mrefu huleta saratani ya ini.

Kuvu anayetengeneza sumu hii anaishi udongoni, na huingia kwenye hindi likiwa bado shambani, hasa mmea ukipigwa na ukame wakati wa kuzaa au ukitobolewa na wadudu. Panda mapema, na dhibiti viwavijeshi na bungua. Ukiweza kupata Aflasafe iliyosajiliwa nchini mwako, mwaga kilo 4 kwa ekari wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kuchanua, ardhi ikiwa na unyevu. Ni punje za mtama zilizobeba kuvu wa jamii hiyohiyo wasiotengeneza sumu; wanaota na kukalia nafasi ya wale wabaya. Ukimwaga kwenye udongo mkavu umepoteza fedha.

Vuna mara mahindi yanapokomaa. Bandua punje uitazame kwenye kitovu chake: ukiona alama nyeusi, imekomaa. Mahindi yanayoachwa wiki nyingi shambani yanangoja mvua na wadudu. Usiyarundike chini. Anika juu ya turubai au kichanja, na funika jioni. Kabla ya kupukuchua, chambua: hindi lenye ukungu, lililotobolewa au kubadilika rangi litoke. Kazi hii inachosha, najua, lakini punje chache mbovu zinaweza kubeba sumu ya gunia zima. Usipige mahindi kwa fimbo, kwani punje iliyopasuka ni mlango wazi; tumia mashine au mikono.

Kama huna kipimo cha unyevu, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi mpaka theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga na utikise vizuri, kisha iache dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, bado usikimbilie kufunga magunia. Anika tena siku moja au mbili ili ushuke hadi 13.5. Baada ya hapo mfuko wa kinga njaa, usiopitisha hewa, uliofungwa tabaka kwa tabaka na kuwekwa juu ya chaga, utakulinda. Ukifungia humo mahindi mabichi yataoza.

Kwa karanga nina ombi moja kwa akina mama: tusizilowanishe ili zibanguke kwa urahisi. Maji yale ndiyo karamu ya kuvu.

Pumba nazo zisisahaulike. Sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, hivyo kukoboa kunapunguza sumu kwenye unga lakini kunaihamishia kwenye pumba. Ng'ombe akila pumba hizo, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa. Mahindi uliyoyachambua na kuyatupa yachome au yafukie mbali na mifugo. Na kabla hujashona gunia la kwanza la kuuza, tenga ya nyumbani kutoka lundo lilelile safi utakalompimia mnunuzi.